Kadi Imeibwa, Fedha Zimetolewa: Hasara ni ya Nani?

Kila kadi ya benki inapoibwa hapa Njiro, Arusha, maswali huwa yale yale na majibu ya mtaani hupingana. Mmoja husema ukishachukua RB polisi, benki inalazimika kukulipa. Mwingine husema benki zote zina bima, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika. Wa tatu, ambaye mara nyingi amewahi kukaa nyuma ya kaunta, hukata maneno: namba ya siri ikishatumika, hesabu imefungwa. Na eneo hili lina watu wengi ambao fedha haziwafikii ila kwa kupitia benki: wahadhiri na wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu Arusha, watumishi wa taasisi ya menejimenti ya ESAMI na wa taasisi za utafiti zilizoko Njiro, waongoza watalii wanaolipwa kila safari inapokwisha. Kwao kadi iliyoibwa mwisho wa mwezi ni kodi ya nyumba na ada ya shule.

Majibu mawili ya kwanza hayahitaji mjadala mrefu. RB ni kumbukumbu ya taarifa uliyotoa kituoni. Inafungua upande wa jinai, yaani kumtafuta mwizi, na benki huiomba iambatanishwe na dai; lakini haiamui kama benki inadaiwa. Bima ambayo watu wameisikia ni ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo humlipa mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5 benki inapofilisika. Benki iliyo hai, ambayo ATM yake imempa mwizi fedha, haimo humo. Kama benki yenyewe imekata bima ya wizi, hilo ni jambo kati yake na kampuni ya bima.

Jibu la tatu ndilo zito. Lina mantiki, limeandikwa kwenye masharti ya kadi, na ndilo ambalo mteja hukutana nalo dirishani. Kulipima kunahitaji kujua lilitoka wapi, linalinda nini, na linamwonea nani.

Kadi mbili zenye sura moja

Maelezo mengi yanayosomwa kwenye intaneti kuhusu kukataa miamala ya wizi yameandikwa Marekani au Uingereza, na mengi yanahusu kadi za mkopo. Kadi nyingi zilizo mifukoni mwa watu wa Arusha si za aina hiyo. TemboCard ya CRDB, au kadi ya NMB au NBC ambayo mtu hupewa anapofungua akaunti, kwa kawaida hutoa fedha zilizomo kwenye akaunti yake mwenyewe. Alama ya Visa au Mastercard upande wa mbele haibadilishi jambo hilo.

Tofauti hii ndiyo inayoamua nani angoje. Kwa kadi ya mkopo, mwizi ametumia fedha za benki. Mwisho wa mwezi benki humletea mteja ankara, naye hukataa kulipa kifungu kimoja. Benki ndiyo yenye kudai, kwa hiyo benki ndiyo yenye haraka. Kwa kadi ya akaunti, fedha zimekwisha kutoka. Mteja ndiye anayeandika barua, anayepiga simu, anayerudi tawini wiki baada ya wiki. Mgogoro wa shilingi laki nane ni ule ule, lakini upande mmoja unaweza kusubiri na mwingine hauwezi. Uchungu wa wateja unatoka zaidi hapa kuliko kwenye kiasi kilichoibwa, na sheria yoyote inayozungumzia nani ana haki bila kuzungumzia nani anakaa bila fedha wakati haki inatafutwa imejibu nusu ya swali.

Kutoka sahihi hadi tarakimu nne

Katika uhusiano wa benki na mteja, Tanzania ilirithi misingi ya sheria ya Kiingereza, ile iliyokuwapo hadi tarehe 22 Julai 1920. Msingi mmoja ulitoka katika shauri la Foley dhidi ya Hill la 1848: fedha unazoweka zinakuwa za benki, nayo inabaki na deni kwako. Matokeo yake kwa wizi ni makubwa kuliko yanavyosikika. Mtu akighushi sahihi yako kwenye hundi na benki ikalipa, benki imelipa kwa fedha zake yenyewe. Deni lake kwako liko pale pale.

Mteja naye hakuachwa bila wajibu. Mwaka 1918, katika shauri la London Joint Stock Bank dhidi ya Macmillan na Arthur, mshirika mmoja wa kampuni alitia sahihi hundi aliyoletewa na karani. Penye tarakimu paliandikwa pauni 2. Penye maneno palikuwa patupu. Karani akaijaza ikawa ya pauni 120, akachukua fedha, akatoweka. Mahakama ya juu ya Uingereza ilisema hasara ni ya kampuni, kwa kuwa uzembe wa kuacha nafasi ndio hasa uliomwezesha karani. Neno la kuzingatia hapo ni “hasa”. Uzembe wowote ule hautoshi. Lazima uwe ndio uliozaa hasara, na nitaurudia msingi huu mbele, kwa sababu masharti ya kadi yameusahau.

Zama za hundi, basi, mzigo ulijulikana. Karani wa benki alilinganisha sahihi na kielelezo, na akishindwa kutambua kughushi, kosa lilikuwa la benki. ATM ilivunja utaratibu huo kwa sababu namba ya siri haina mwandiko. Ikiingizwa na mwenyewe au na kibaka, mashine huona kitu kile kile. Benki duniani zikaziba pengo hilo kwa kuandika kwenye masharti kwamba kila muamala uliofanywa kwa kadi na namba sahihi utahesabiwa umeagizwa na mteja. Kwa sentensi moja, hasara iliyokuwa ya benki ikahamia kwa mteja, naye aliipokea pamoja na kadi, ndani ya kijitabu chenye maandishi ambayo hata miwani huyakataa.

Hoja ya benki

Hoja ya kwanza ya benki ni ya kiufundi, na ina nguvu zaidi sasa kuliko miaka ishirini iliyopita. Kadi ya ukanda wa sumaku ilinakiliwa kwa kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye mdomo wa ATM. Chipu imefanya kunakili kuwe kugumu mno. Kwa hiyo kumbukumbu zikionyesha kwamba chipu ya kadi ile ile ilisomwa na namba sahihi ikaingizwa kwa jaribio la kwanza, benki ina haki ya kuuliza: namba hiyo ilimfikiaje mwizi?

Hoja ya pili inagusa maisha ya nyumbani kwetu. Katika nyumba nyingi namba ya siri si siri. Mume humtuma mke. Mzee aliyestaafu humpa mjukuu kadi akamtolee pensheni. Mwanafunzi anayesafiri humwachia mwenzake wa chumba kadi ili boom, yaani fedha za kujikimu, likiingia amtumie. Baya zaidi ni kadi kuwekwa rehani. Wakopeshaji wa mikopo ambayo watu wameibatiza jina la umiza au kausha damu hushika kadi ya mtumishi pamoja na namba yake, na siku ya mshahara wao ndio wa kwanza kufika ATM. Viongozi wa serikali wamelikemea jambo hili tena na tena, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwaweka wakopeshaji chini ya leseni na usimamizi, lakini tabia haijakoma. Mkopaji aliyebanwa ana njia moja ya haraka ya kumponyoka mkopeshaji: kuripoti kwamba kadi imeibwa. Afisa anayepokea dai la wizi hajui aliye mbele yake ni mtu aliyeporwa mkoba, ni mkopaji anayetoroka deni, au ni mzazi ambaye mtoto wake alitoa fedha bila kuomba. Wote watatu huleta RB, na wote watatu huapa.

Hoja ya tatu ni ya gharama. Benki ikilipa kila dai, fedha hizo hurudi kwa wateja wote kama makato, wakiwamo wale walioitunza namba yao vizuri. Na mtu akijua hasara haitamgusa, atalinda kadi kwa mkono mmoja.

Udhaifu wa hoja hizi ni kwamba zote zinazungumzia madai kwa ujumla, wakati anayesimama dirishani ni mtu mmoja mwenye tukio moja. Kwamba walimu kadhaa waliweka kadi rehani hakuthibitishi kwamba mwalimu huyu aliweka yake. Benki inayokataa dai kwa sababu “namba ilitumika” haijachunguza chochote. Imesoma mstari mmoja wa kumbukumbu ambao ungesomeka vile vile kama mwenye kadi alisema kweli.

Hoja ya mwenye kadi

Mwenye kadi huanza na jambo ambalo kila anayepanga foleni ya ATM amewahi kuliona: namba hujulikana bila kutolewa. Mtu husimama karibu mno, akatazama vidole. Au hujitokeza kijana mstaarabu: “Mama, mashine hii inasumbua, ngoja nikusaidie.” Anaichukua kadi, anaiingiza, anatazama namba ikibonyezwa, kisha anairudisha, kumbe aliyorudisha ni kadi nyingine ya benki ile ile, yenye rangi ile ile. Mama huondoka akiwa na kadi mkononi, hajui kama ameibiwa, na huenda asijue mpaka siku atakapotaka kutoa tena. Katika tukio la namna hii hakuna uzembe unaostahili kuitwa uzembe, na hakuna dakika ya “kupotea” ambayo mteja angeweza kuiripoti.

Hoja yake ya pili ni kwamba ushahidi wote uko kwa mpinzani wake. Picha za kamera, kumbukumbu za mashine, taarifa za chipu, orodha ya simu zilizopigwa huduma kwa wateja: vyote viko benki. Uingereza ilitoa mfano wa kutisha. Askari polisi John Munden alilalamika kwamba fedha zilitoka kwenye akaunti yake bila yeye kuzitoa. Benki yake ilisisitiza mfumo wake haukosei, na mwaka 1994 mlalamikaji huyo akatiwa hatiani kwa kujaribu kujipatia fedha kwa udanganyifu. Hukumu ilitenguliwa mwaka 1996, baada ya benki kukataa kumruhusu mtaalamu wa upande wa utetezi aikague mifumo ile ile iliyotumika kumtia hatiani. Miaka mingi kabla, mwaka 1980, mahakama moja ya New York ilikuwa imeelekea upande mwingine: Dorothy Judd alionyesha kwamba alikuwa kazini saa ambayo mashine ya Citibank ilidai alikuwa akitoa fedha, na hakimu akamwamini yeye kuliko karatasi za kompyuta.

Hata chipu haijawa hirizi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akiwamo Ross Anderson aliyeandika juu ya kasoro za ATM tangu 1993, walionyesha namna kadi iliyoibwa ingeweza kutumika dukani bila namba ya siri, huku mashine ya malipo ikirekodi kwamba namba imethibitishwa. Udhaifu ule haukuhusu ATM, ambazo huiuliza benki yenyewe kuhusu namba. Ila uliondoa dhana kwamba neno “imethibitishwa” kwenye kumbukumbu ni ukweli usiohojika.

Hoja yake ya tatu ndiyo ninayoiona bora, ingawa haisikiki mara nyingi. Kati ya benki na mteja, benki pekee ndiyo yenye uwezo wa kupunguza hatari. Ndiyo inayoamua kikomo cha kutoa kwa siku, inayoona kwamba akaunti iliyozoea kutoa laki moja leo imetolewa mara nne kwa mfululizo, inayoamua kama simu ya kufungia kadi itapokelewa saa nane usiku au itapiga muziki. Hasara ikimwangukia mteja peke yake, benki haina sababu ya kifedha ya kuyarekebisha hayo.

Lakini mwenye kadi naye ana madhaifu. Wengi huchelewa kuripoti wakitumaini kadi itaonekana. Wengi hawakumbuki walitumia kadi mara ya mwisho lini, na dai lisilo na saa wala mahali ni gumu kulichunguza hata kwa afisa mwenye nia njema. Wengine wameandika namba kwenye kikaratasi kilichokunjwa pamoja na kadi.

Mistari iliyochorwa kwingine

Marekani ilichora mistari miwili kwa sababu ya zile kadi mbili. Kwa kadi ya mkopo, mteja hawezi kubeba zaidi ya dola 50. Kwa kadi ya akaunti, chini ya sheria ya 1978, kikomo hufuata saa: dola 50 akitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ajue kadi imepotea, hadi dola 500 akichelewa, na akikaa zaidi ya siku 60 tangu apelekewe taarifa ya akaunti yenye muamala wa wizi, yanayofuata baada ya hapo yanaweza kuwa yake yote. Uzembe hauhesabiwi, hata aliyeandika namba kwenye kadi hapotezi kinga. Benki ndiyo yenye kuthibitisha kwamba muamala uliidhinishwa, na isipomaliza uchunguzi ndani ya siku 10 za kazi lazima imrudishie mteja fedha kwa muda, huku uchunguzi ukiweza kufika siku 45.

Uingereza, kwa kanuni za 2017, iliweka pauni 35, ikarudisha uzembe kwa sura ya “uzembe mkubwa”, na ikaandika bayana kwamba kutumika kwa namba ya siri peke yake si lazima kuwe uthibitisho wa kutosha. Tatizo likahamia kwenye maana ya “mkubwa”, na migogoro mingi huko sasa ni ya kulivuta neno hilo huku na huku.

India inatufaa zaidi, kwa kuwa ina wateja wengi wapya wa benki kama sisi. Waraka wa Benki Kuu yake wa Julai 2017 ulisema: kosa likiwa la mtu wa tatu na mteja akiripoti ndani ya siku 3 za kazi, habebi chochote; kati ya siku 4 na 7, hubeba hadi kikomo kinachotegemea aina ya akaunti; zaidi ya hapo, sera ya benki ndiyo huamua. Benki hurejesha fedha ndani ya siku 10 za kazi tangu ipewe taarifa, humaliza uchunguzi ndani ya siku 90, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Lakini aliyetoa siri zake kwa mwingine hubeba hasara yote iliyotokea kabla ya kuripoti.

Mistari hii huleta hali ya ajabu katika jiji la watalii. Tuseme vibaka waliopanda pikipiki wamepora mikoba miwili usiku mmoja barabara ya Njiro, mmoja wa mgeni kutoka London na mwingine wa mhadhiri wa hapa hapa, na kadi zote mbili zikatumika kwenye ATM ile ile. Mgeni anaondoka na kanuni za kwao: fedha zake hurudi na benki yake ndiyo hutafuta sababu ya kumnyima. Mhadhiri anaanza na kijitabu cha masharti.

Saa ya kuripoti

Katika mifumo yote hii jambo moja halina ubishi: baada ya benki kupewa taarifa, kila shilingi inayotoka ni hasara ya benki. Ugomvi wote umo kabla ya dakika hiyo. Kwa hiyo dakika yenyewe inapaswa kuwa rahisi kuifikia na rahisi kuithibitisha. Kwetu si rahisi kwa namna zote mbili.

Kadi hutembea na simu. Mkoba ukiporwa, vyote viwili vimekwenda, na meseji za miamala ambazo zilikusudiwa kumwamsha mteja zinamfikia mwizi. Mteja anabaki barabarani bila simu, bila namba ya huduma kwa wateja, kwa kuwa namba hiyo imechapwa nyuma ya kadi iliyoibwa. Akiazima simu ya jirani na kupiga, atakaa kwenye foleni ya sauti mpaka salio la jirani liishe. Kama ni Jumamosi jioni, tawi litafunguliwa Jumatatu. Akifika tawini na kusema “nilipiga Jumamosi saa mbili usiku,” hana cha kuonyesha, kwa sababu laini haikuwa yake na hakupewa namba ya kumbukumbu.

Benki inayotaka saa ya kuripoti iwe kipimo inalazimika kwanza kuufanya mlango wa kuripoti uwe wazi: simu ya bure kutoka mtandao wowote, kufungia kadi bila kujua namba ya akaunti, kumbukumbu inayotolewa papo hapo. Bila hivyo, kipimo cha saa kinapima bahati tu.

Nje ya ATM picha ni tofauti kidogo. Manunuzi ya mtandaoni, au ya dukani kwa kugusisha kadi bila namba, yana njia ya kurudishwa kupitia kanuni za Visa na Mastercard, ambamo benki ya mteja huidai benki ya muuzaji. Mlango huo una tarehe ya kufungwa, mara nyingi siku 120, na mteja hawezi kuupitia mwenyewe. Benki yake ndiyo hufungua dai. Fedha zilizotolewa ATM kwa chipu na namba hazifaidiki sana na njia hii, kwa hiyo mgogoro wake hubaki kati ya mteja na benki.

Alipo mteja wa Tanzania

Hatuko jangwani kisheria. Mwaka 2015 pekee ulileta Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2019 zikaja kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zinazomtaka mtoa huduma awe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Asiyeridhika huenda Benki Kuu, ambayo ina tawi Arusha. Lazima aanze na benki yake kwa maandishi. Anayekwenda juu bila barua ya chini hurudishwa.

Mahakamani, Sheria ya Ushahidi ina pande mbili ambazo mawakili wa wateja wangezitumia zaidi. Upande mmoja ni ule unaojulikana: anayedai ndiye athibitishe. Upande wa pili husahaulika: jambo lililo katika ujuzi wa pekee wa mtu mmoja, mzigo wa kulithibitisha ni wake. Hali ya ATM usiku ule, picha za kamera na taarifa za chipu ni ujuzi wa pekee wa benki kuliko wa mtu mwingine yeyote. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kompyuta, iangalie jinsi taarifa zilivyotengenezwa na kutunzwa. Karatasi iliyochapwa tawini haiingii mahakamani ikiwa imevaa taji. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zinazomhusu zilizo mikononi mwa mwingine, na miamala yake ni taarifa zake.

Kizuizi ni gharama. Wakili kwa dai la laki sita hula dai lenyewe. Kenya imejaribu kutibu hili kwa Mahakama ya Madai Madogo, yenye kikomo cha shilingi milioni moja za Kenya na muda wa siku 60 wa kumaliza shauri.

Upande wenye uzito

Nikipima, mzigo wa kuthibitisha unapaswa kukaa benki, na sababu yangu ni ya ushahidi zaidi kuliko huruma. Mteja hawezi kuthibitisha kwamba hakuwa mahali fulani mbele ya kamera ambayo hana ruhusa ya kuiona. Benki inaweza kuthibitisha kwamba alikuwapo. Unapompa mzigo asiye na nyaraka, huamui kesi, unaifunga.

Kuhusu kumpa mtu mwingine namba, ningetofautiana na India. Kwa familia zetu, kanuni inayosema aliyewahi kumpa mwingine namba amepoteza kila kitu ingewaondoa karibu wateja wote wazee. Kipimo cha 1918 ni chenye haki zaidi: je, uzembe huo ndio hasa uliozaa hasara? Mke anayeijua namba ya mumewe hakumsaidia kibaka aliyeitazama kwenye foleni. Aliyeweka kadi rehani kwa mkopeshaji, na mkopeshaji akatoa fedha, amejiletea hasara hiyo mwenyewe na benki haipaswi kuguswa. Ni kazi zaidi kwa mchunguzi, lakini ndiyo kazi ya mchunguzi.

Kurejesha fedha kwa muda ndipo benki zina wasiwasi wa haki. Mdanganyifu atazitoa siku ile ile na kutoweka. Kwa mtumishi ambaye mshahara hupita benki hiyo kila mwezi, hatari ni ndogo, kwa kuwa benki inaweza kukata mshahara ujao ikigundua uongo. Kwa mwongoza watalii ambaye akaunti hukaa tupu kuanzia Aprili hadi msimu urudi, hatari ni kubwa zaidi, na huyo ndiye mwenye shida kuliko wote. Ningekubali kikomo: kiasi cha matumizi ya mwezi kirejeshwe ndani ya siku 10 za kazi kwa kila mtu, kilichobaki kingoje uchunguzi. Gharama itaingia kwenye makato ya wote, na ni bei ndogo kuliko mtu mmoja kukosa ada ya mtoto.

Mstari wa namna hiyo, wenye siku na shilingi, ungetosha kubandikwa ukutani tawini kwa Kiswahili. Mpaka utakapobandikwa, mwenye kadi ana barua yake tu, na inapaswa kufika benki siku ile ile au kesho yake. Aandike alipotumia kadi mara ya mwisho kwa hiari yake, saa aliyoibiwa, saa aliyopiga simu, namba ya simu aliyoazima na jina la mwenye nayo. Aombe kwa maandishi picha za kamera za mashine husika zihifadhiwe kabla hazijafutwa na nyingine kurekodiwa juu yake. Aulize ni ATM ipi, ni saa ngapi, kama chipu ilisomwa, namba ilikosewa mara ngapi, na kikomo cha siku kiliheshimiwa au la. Agongewe muhuri nakala yake. Benki ikijibu kwa mstari mmoja kwamba namba sahihi ilitumika, barua ya kwenda Benki Kuu inaanza na mstari huo huo, chini yake maswali ambayo hayakujibiwa.